Kabla ya Sato, Bucha

Swali la wiki lilikuwa hili: ukisafiri kwa gari kwa ajili ya kula tu, ni mahali gani pasipo meza wala menyu ambapo huwezi kupita bila kusimama, na mgeni akifika hapo aulize nini?

Jibu langu ni bucha la mtaa. Sisemi kaunta ya nyama ya supamaketi. Nasema bucha la mtu mmoja: chumba kimoja chenye vigae vyeupe ukutani, kulabu chache juu, mizani mbele, na mwenyewe yupo, kashika kisu.

Najua wasomaji wengi wa huku kwetu Mwanza watajibu Mwaloni, na wageni ndiko wanakopelekwa. Waende. Soko la samaki la Kirumba Mwaloni linafaa kuonwa, dagaa wake wanapakiwa kwenye malori hadi Kongo, na harufu yake utarudi nayo nyumbani kwenye nguo. Lakini ukitaka kujua watu wa mji huu wanakula nini, samaki atakudanganya kidogo. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, baadaye viwanda vikaja, na minofu yake ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwake, nayo yanatafutwa na Wachina kwa bei ambayo mvuvi anaisimulia akitikisa kichwa. Mtaani linabaki panki, kichwa na mgongo uliokwanguliwa, la kukaanga. Ng'ombe wa bucha la mtaa hana safari hiyo. Anaingia alfajiri akiwa vipande vinne, na jua likizama ameisha, kila sehemu imeingia kwenye sufuria ya mtu anayeishi umbali wa kutembea. Simama pale asubuhi moja tu, utajua nani anakula nini, kwa shilingi ngapi, na nani hajalipa.

Safari ninayoitolea mfano ilikuwa ya upande wa magharibi wa ziwa: Mwanza, Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, hadi Bukoba. Tulikuwa mimi, mume wangu, na wifi yangu aliyekuja kutoka Dar akiwa na orodha ya vyakula kwenye simu. Orodha yote ilikuwa samaki na senene. Nikamwambia wifi, kabla ya kuondoka mjini tunapita Nyakato kwanza, kuna bucha.

Tulifika kabla ya saa kumi na mbili, mlango ukiwa nusu wazi. Wateja wa saa hiyo hawana habari na nyama laini. Ni wauza supu. Wanachukua mifupa na shingo kwa supu ya leo, na makongoro ya kuchemsha kutwa nzima kwa ajili ya kesho, kwa sababu kongoro halina haraka. Wakiondoka wanaingia mama lishe. Hawa hawataji kilo, wanataja hela: "nipe ya elfu kumi". Wanataka mchanganyiko, yaani nyama, mfupa na kipande cha mafuta, ili mchuzi upate ladha na kila sahani ipate kipande cha kuonekana. Saa mbili hadi saa nne ni akina mama wa nyumbani na watoto waliotumwa. Utumbo hauko ndani. Uko nje kwenye beseni la mama mmoja anayeuosha na kuukata mbele yako, taulo, yaani tumbo lenye vinyweleo kama vya taulo, upande wake na mengine upande wake. Mapupu yanakwenda kwa wenye mbwa, au ndivyo wanunuzi wanavyosema. Jioni ni zamu ya mabachela, robo robo, na mchomaji wa mishikaki wa kona ya pili anayekuja kukusanya kilichobaki.

Steki, ambayo ndiyo pekee mgeni anaijua kwa jina, haigombaniwi na mtu asubuhi. Inaning'inia nyuma ikisubiri hoteli na watu wa mshahara.

Mtoto aliyetumwa ndiye kipimo changu cha bucha, popote nilipo. Mtoto wa darasa la pili ananyoosha noti iliyokunjwakunjwa, anasema, "Mama amesema nusu, isiwe na mifupa mingi." Tulia hapo uangalie anakatiwa nini. Kama anakatiwa sawasawa na angekatiwa mama mwenyewe, nunua. Kama anajaziwa mishipa na kuambiwa "kimbia, usiangushe", rudi kwenye gari, mbele kuna bucha lingine. Yule mzee wa Nyakato alimkatia mtoto nusu kilo ya paja, akaiweka kwenye bakuli lake la mfuniko, chenji akaifunga kwenye kipande cha karatasi na kuibana chini ya kifuniko. (Beba chombo chako hata wewe msafiri. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na nyama iliyofungwa kwenye gazeti inafika Geita ikiwa na habari za michezo.)

Salamu zilichukua muda. Mimi ni Msukuma, mzee ni Msukuma wa Magu, mume wangu ni Mzaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za babu zao. Nilimwamkia mzee, "Mwangaluka," akaitikia vizuri kwa heshima zote. Kisha akamtazama mume wangu aliyekuwa amekwisha kuinamia maini.

"Mwanangu, huyu mtani umemwokota wapi? Mzaramo na nyama wapi na wapi? Mwambie pweza wameisha."

"Mtani, sijaja kununua," mume wangu akajibu. "Nimefuata ng'ombe wa babu yangu mliyemkopa mkapotea naye huku."

"Babu yako alikuwa na ng'ombe au na mnazi?"

Wateja walisahau foleni. Mama lishe mmoja akashika upande wa mume wangu, mwingine upande wa mzee, na wifi, ambaye Dar ananunua nyama kwa kunyoosha kidole kwenye kioo, akabaki ameduwaa. Utani huo ulituingizia figo moja ya bure, iliyotupwa juu ya mizani baada ya kupima, na maneno ya kwamba tusiseme Wasukuma ni wachoyo. Pale ndipo wifi alipoanza kuuliza maswali, na mzee akaanza kumfundisha.

Ng'ombe wetu wa asili ni zebu, mwenye pembe fupi na nundu. Ni mnyama mdogo. Akichinjwa, akichunwa na kutolewa matumbo, kinachobaki kwenye kulabu ni karibu nusu tu ya uzito aliokuwa nao akipumua. Amekulia malishoni, ametembea kwenda lamboni kila siku ya maisha yake, na misuli yake inaeleza hivyo. Mafuta yake ni kidogo, tena ya njano. Wifi aliyaona akadhani nyama imelala. Mzee akacheka. Njano ile ni ya majani: karotini iliyomo kwenye nyasi mbichi hukaa kwenye mafuta ya ng'ombe anayechungwa. Ng'ombe aliyefungiwa na kuneneshwa kwa pumba na mashudu ya pamba, na huku Kanda ya Ziwa wapo, mafuta yake ni meupe zaidi na nyama yake laini zaidi. Kila mmoja ana mteja wake. Mimi ni wa njano, kwa sababu ladha ya supu iko humo.

Rangi ya kuikimbia ni nyingine. Ukiona nyama imekuwa nyeusinyeusi, kavu, inanata ukiigusa, hapo kuna jambo. Mara nyingi ng'ombe huyo alisafirishwa mbali, akasimama kwenye lori bila maji wala kupumzika, akachinjwa akiwa hoi. Sukari iliyo kwenye misuli inakuwa imekwisha, na bila hiyo nyama haipati ile asidi kidogo inayoipa wekundu wake na kuilinda isiharibike haraka. Mzee hakuyasema kwa maneno hayo. Alisema, "Ng'ombe akifa na hasira, utaila hasira yake." Mimi nimeongeza sukari na asidi kwa ajili ya wasomaji wasioamini wazee.

Alama ya pili ni muhuri. Kila mnyama anayechinjwa machinjioni anatakiwa kukaguliwa na mkaguzi wa nyama, anayetazama mapafu, maini na moyo kabla ya kupiga mhuri wa wino kwenye mwili. Uliza uuone kabla paja halijakatwakatwa, maana jioni wino umekwisha kuliwa. Na mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Hakuna mwenye bucha mwaminifu anayekasirika akiulizwa mambo haya. Kuhusu nani kachinja, huku kwetu desturi ni kwamba kisu anashika Mwislamu ili nyama iliwe na mtaa mzima. Mwaka 2013 suala hilo lilileta mvutano mbaya Kanda ya Ziwa. Siku hizi kwenye foleni ya bucha sisikii mtu akilizungumzia, na bucha la kitimoto, yaani nguruwe, lipo mtaa wa pili kwa anayelihitaji.

Gogo la kukatia nyama nalipenda kwa macho tu. Sheria ya Nyama ya mwaka 2006 ndiyo iliyozaa Bodi ya Nyama, na wakaguzi siku hizi wanataka msumeno badala ya gogo na shoka. Kuna wanaolalamika kwamba bucha bila gogo si bucha. Wao hawajavunjika jino. Shoka linaacha vipande vya mfupa ndani ya nyama, na gogo lina nyufa zinazokunywa damu, halafu usiku damu hiyo inakuwa na wageni wake. Mzee wa Nyakato ana msumeno, na gogo la zamani amelitoa nje, analikalia.

Jambo lililomshangaza wifi kuliko yote lilikuwa ushauri wa kutokula. Tulinunua kilo mbili za mchanganyiko, mbavu, na kipande kizima cha steki. Mzee akasema mchanganyiko tupike hata leo, lakini steki tusiiguse leo, na kesho tufikirie. Nyama ya bucha la mtaa ni ya usiku uleule. Mnyama akishakufa misuli hukakamaa, na huchukua muda kulegea tena. Wenzetu wa Ulaya huning'iniza ng'ombe kwenye chumba cha baridi wiki mbili na zaidi, vimeng'enya vya nyama yenyewe vifanye kazi ya kuilainisha polepole. Huku hakuna chumba cha baridi cha wiki mbili wala mteja wa kusubiri, na mapishi yetu yamejipanga kulingana na hali hiyo. Tunachemsha kwanza, ndipo tunaunga. Tunakata ndogo kwa mishikaki. Tunachoma taratibu na kutafuna huku tunaongea. Anayesema nyama ya Tanzania ni ngumu amekula steki ya leo leo, akaipika kwa dakika tano alivyoona kwenye simu.

Kwa hiyo tukahitaji barafu, na hapo nikakubali kumpeleka wifi Mwaloni. Mji unaouza samaki haukosi barafu. Tukajaza boksi, nyama chini, barafu juu, na wifi akapata picha zake za boti.

Barabara nitaipitisha haraka, maana baada ya Usagara kilichobaki ni kuendesha. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na kupewa jina la Magufuli, lina urefu wa kilomita 3 hivi, na gari linalivuka kwa dakika chache. Zamani hapo ulisubiri kivuko, na kusubiri kwenyewe kulikuwa mlo: mayai, mahindi, samaki wa kukaanga wanaoletwa hadi dirishani. Nashukuru daraja lilijengwa, wagonjwa wanawahi hospitali, ila kama swali lingeulizwa miaka kumi iliyopita ningejibu foleni ya Kigongo bila kufikiri. Sengerema tulinunua nanasi. Geita tuliweka mafuta.

Katoro tulisimama kwa ajili ya mbavu, na hapa niliseme lile bucha la baa. Utaratibu unaujua: mbele kuna kibanda cha nyama, nyuma kuna jiko la mkaa, unachagua kipande kikiwa kibichi, kinapimwa, unalipa uzito mbichi, unakwenda kukaa. Zuri la mpango huu ni kwamba unaona unachokula kabla hakijawa cheusi. Baya lake ni kwamba kati ya mizani na sinia kuna njia, na njiani kipande kinaweza kupungua au kubadilika jinsia. Baba mmoja tuliyekaa naye meza moja alikuwa amefunga uzi kwenye ubavu wake. Sisi tulikuwa na mbavu zetu za Nyakato, tukamlipa mchomaji gharama ya moto tu. Alinung'unika mwanzoni, kisha akazinusa akauliza zimetoka wapi. Akazichoma mbali na moto, mfupa ukiwa chini, zaidi ya saa nzima, chumvi ikiingia mwishoni. Zikaja na ndizi za kuchoma, kachumbari, limao na pilipili mbuzi. Wifi hakuongea mpaka sinia likabaki mifupa, na kwa wifi yangu hilo si jambo dogo.

Bukoba ni nchi nyingine kwa tumbo. Ziwa ni lilelile, lakini ugali umekaa pembeni na ndizi imeshika meza. Ng'ombe naye amebadilika: Kagera ni kwa Ankole mwenye pembe ndefu kuliko mkono wa mtu, na ranchi kubwa za taifa kama Missenyi na Kitengule ziko huko. Kwenye bucha la kwanza tulilosimama, karibu na soko, mwenye bucha hakutuuliza kilo ngapi. Aliuliza, "Ni ya ndizi?" Tuliposema ndiyo, alikata tofauti kabisa na mzee wa Nyakato: vipande vidogo, kila kimoja na mfupa na ukingo wa mafuta, kwa sababu ndizi inakunywa mafuta yote unayoipa na bado inaomba. Mwingine mbele yetu alisema ni ya kukaanga, akakatiwa vinginevyo. Menyu yote ya mji ilikuwa pale kwenye ncha ya kisu, na hatukuwa tumeingia hotelini bado.

Steki ya Nyakato tuliipika kesho yake, jikoni kwa nyumba ya wageni, kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba aliyesimama mlangoni kuhakikisha hatuunguzi sufuria. Tuliikata nyembamba kukinzana na nyuzi zake, chumvi, kitunguu, moto mkali. Ilikatika kwa upande wa uma. Mama mwenye nyumba alionja kipande, akaonja cha pili, akasema ndama. Tukamwambia si ndama, ni dume la Magu lililopumzishwa kwenye barafu ya samaki. Hakuamini.

Sasa mgeni aulize nini? Asiulize "nyama gani nzuri?" Hilo ni swali la mtu mwenye hela asiye na mpango, na atauziwa kilichokataliwa na wengine. Aseme kwanza anakwenda kupika nini, au nani atampikia, na kwa muda gani. Mwenye bucha anayejua kazi yake atakata kulingana na sufuria. Aulize ng'ombe ametoka wapi. Aulize mama lishe aliyepo foleni anapika wapi, kwa sababu huyo ndiye mgahawa wako wa mchana. Halafu, akishalipa na salamu zikishakolea, amuulize mwenye bucha: leo wewe nyumbani umepeleka nini?

Mzee wa Nyakato alijibu bila kufikiri: nundu. Aliitoa mapema kabla ya wauza supu, akaitia chumvi, akampa mjukuu aipeleke. Haimo kwenye orodha ya bei ukutani na huwezi kuinunua mpaka uulize hivyo. Safari nyingine alituwekea.

Yule wa Bukoba alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mimi? Nyama naitazama kutwa nzima, dada yangu. Nyumbani kwangu leo ni ndizi na maharage." Wifi akataka kujua maharage yenyewe yanapikwaje huku. Mwenye bucha akafuta mikono, akampigia mkewe simu, akampa wifi aongee naye mwenyewe, na sisi wengine tukapisha foleni.